Uyoga wa porini, Kilema

Uyoga wa porini wa Kilema, katika Wilaya ya Moshi kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, huchomoza hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli. Kinachoonekana ni sehemu ya uzazi tu. Nyuzi za kuvu zenyewe huishi mwaka mzima ndani ya udongo, gogo au kichuguu.

Anayeutafuta aangalie kwanza unapoota, ndipo rangi. Mtu aliyezoea miombo ya Tabora au Iringa ataukosa hapa uyoga mwingi wa kwao, kwa kuwa ule huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti ya miombo, na msitu ulio juu ya Kilema, wa miti ya mikulo, hauna ile ya miombo. Msituni humo, juu ya vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga), kuna zaidi kuvu zinazokula miti iliyokufa. Miongoni mwao ni Auricularia, uyoga wenye umbo la sikio, laini na unaoteleza, unaoliwa. (Msitu wenyewe uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005; kuchuma humo bila kibali ni kosa.)

Uyoga wa vichuguu, Termitomyces, hutafutwa chini zaidi, kwenye joto wanakopenda mchwa. Ukichimbua taratibu utaona shina likiendelea ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye bustani ya kuvu wanayoilima mchwa. Spora zake ni za rangi ya waridi.

Rangi hiyo hupimwa kwa kulaza kofia juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Vumbi la kijani ni dalili ya Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wa kwenye majani, unaotapisha vibaya. Vibapa vyeupe chini ya kofia, pete shinani na kifuko kwenye kitako ni dalili za Amanita. Baadhi ya jamii zake huua, na kuchemsha hakuondoi sumu yao. Kwamba konokono ameula uyoga si ushahidi wowote kuwa ni salama kwa mtu.

Kitabu cha kuaminika zaidi ni kile cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania, cha mwaka 2003, ingawa hakichukui nafasi ya mchumaji mzoefu. Sumu ya Amanita huweza kukaa saa sita au zaidi kabla ya kutapika kuanza, na nafuu inayofuata ni ya uongo, maana ini linaendelea kuharibika. Aliyekula uyoga asioujua apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.