Kutoka joto la Nakivale hadi nchi ya theluji: mambo ya kujua kabla ya safari

Mchana wa kawaida hapa Nakivale ni nyuzi joto 26 au 27, na usiku hushuka hadi karibu 15. Mjini Winnipeg, Kanada, usiku wa Januari hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna siku inazidi hapo. Ukitaka kupata picha, friza ya kugandishia nyama dukani Mbarara huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Familia inayohamishiwa nchi ya tatu hutoka kwenye hali moja na kuingia nyingine ndani ya siku mbili hivi: basi hadi Kampala, ndege Entebbe, kubadilisha ndege njiani, kisha mlango unafunguliwa na upepo unakupiga usoni. Mwili haupati muda wa kuzoea.

Makala hii ni kwa wale ambao tarehe yao imefika au inakaribia. Haisemi nani atasafiri lini. Marekani, kwa mfano, ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, na habari za kesi yako ziulize UNHCR. Kumbuka pia kwamba kuhamishwa ni bure. Anayekudai fedha za "nguo za baridi" au za kukuwekea nafasi ni tapeli.

Usimalize fedha zako kwa koti

Wengi huuza godoro, mbuzi na hata simu, halafu wanakwenda Mbarara kununua koti la ngozi. Si lazima. Makoti mengi ya mivumba sokoni ni mazuri kwa asubuhi ya Mbarara, lakini hayazuii upepo wa nyuzi 20 chini ya sifuri. Koti la kweli utalipata kule, mara nyingi kupitia shirika linalokupokea. Kutoka hapa beba vitu vya kukufikisha: sweta, kofia inayofunika masikio, soksi mbili tatu nzito na viatu vya kufunika. Viweke kwenye mfuko unaoingia nao ndani ya ndege. Ukiviweka kwenye sanduku kubwa, utashuka na ndala.

Viatu visibane. Kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na kidole kisicho na damu ndicho huganda kwanza. Nguo zinazopandana hutunza joto kuliko nguo moja nzito, kwa sababu hewa iliyo katikati yake ndiyo inayohifadhi joto. Ya ndani isiwe pamba ukiweza, maana pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza.

Sigiri haiingii ndani

Hili ndilo la hatari kuliko yote, na linawahusu hata wasiosafiri. Sigiri, ambayo wengine huiita mbabula au jiko la makaa, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na haiumizi macho kama moshi. Makaa yaliyoshika vizuri, mekundu bila moshi, ndiyo watu huyaamini, na ndiyo huua usiku watu wakiwa wamelala. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wengi wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje wote kwanza, maswali baadaye.

Huku kwetu nyumba za udongo zina nyufa na hewa hupita kidogo, lakini usiku wa baridi wa Juni na Julai watu hufunga mlango na dirisha na kuziba kila tundu. Nyumba za nchi za baridi zimezibwa hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo usiwashe makaa ndani, wala jiko la kuchomea nyama, wala usifungue oveni ya gesi ili kupasha chumba joto. Hita ikiharibika, mpigie mwenye nyumba na mfanyakazi wa shirika linalokuhudumia siku hiyo hiyo. Si usumbufu, ni haki yako kuuliza. Kifaa kidogo kinacholia darini hutambua moshi, na vingine hutambua sumu hii. Usikitoe betri kwa sababu kinapiga kelele ukipika.

Mwili unapoanza kushindwa

Baridi ikifika karibu nyuzi 28 chini ya sifuri pamoja na upepo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Angalia sehemu iliyofifia, ya kijivu, ngumu na isiyosikia mguso. Ingia ndani, weka sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto. Usisugue.

Kutetemeka ni mwili unajitetea. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla, akaanza kuongea kama mlevi au kutaka kulala, joto la mwili wake limeshuka mno. Piga 911 Kanada au Marekani, 112 Ulaya.

Mama anayembeba mtoto mgongoni aangalie miguu ya mtoto mara kwa mara, maana ndiyo hubaki nje ya kanga. Kwenye gari, mtoto asifungwe mkanda akiwa na koti nene: gari likigonga, koti hubonyea na mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike kwa koti juu.

Jua nalo hupungua

Uganda mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Kaskazini ya mbali ya Norwe, jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa za Desemba. Watu wengi huona uzito moyoni na usingizi usioisha, na si laana wala uvivu. Tembea nje mchana hata kama ni baridi, na muulize daktari kuhusu vitamini D, hasa kwa watoto.