Gari la kufaa barabara ya Namanga: Kazi kwanza, sura baadaye

WANUNUZI wengi wa magari huvutiwa kwanza na rangi, taa na rimu zinazong'aa. Hata hivyo, barabara itokayo Athi River kupitia Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil hadi mpakani Namanga hudhihirisha upesi kwamba sura haibebi mzigo wala haivuki tope. Uzuri wa mkakasi, walinena wahenga, ndani kipande cha mti.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi anapaswa kujiuliza maswali matatu: gari litapita wapi, litabeba nini, na nani atalitengeneza likiharibika?

Kitengela na viunga vyake

Mkazi wa Kitengela anayefanya kazi Nairobi hukabiliwa na msongamano asubuhi na jioni. Gari dogo lenye injini ya lita 1 hadi 1.5 na gia zinazojibadilisha humpunguzia gharama ya mafuta na uchovu wa kukanyaga klachi.

Tatizo huanza anapoiacha lami. Sehemu kubwa ya eneo hilo ina udongo mweusi ambao hufura mvua inyeshapo na kunata kwenye magurudumu. Magari mengi madogo huwa na nafasi ya takriban sentimita 14 hadi 16 kati ya ardhi na tumbo la gari, ilhali yale ya nyikani huzidi 20. Hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hukwama ikiwa matairi yake yamelika.

Kajiado hadi Namanga

Katika sehemu hii lami hunyooka na kushawishi dereva aongeze kasi, lakini ng'ombe, mbuzi na wanyamapori huvuka wakati wowote. Breki thabiti, taa zenye mwanga wa kutosha na usukani usioyumba ndivyo huokoa maisha. Gari lililoinuka sana lina hatari yake pia: likikatwa ghafla kumkwepa mnyama, huweza kupinduka kwa urahisi kuliko lile la chini.

Anayetoka Namanga kuelekea lango la Meshanani katika mbuga ya Amboseli hukutana na vumbi na mawimbi ya changarawe. Hapo magari kama Toyota Land Cruiser, yenye fremu imara na springi nzito, hudhihirisha thamani yake. Mjini, gari hilohilo hunywa mafuta mengi na ni vigumu kuliegesha.

Wafanyabiashara

Toyota Probox, iliyozinduliwa nchini Japani mwaka 2002, haina urembo. Umbo lake la sanduku ndilo faida yake: nafasi ya mizigo ni pana na vipuri hupatikana kwa urahisi. Zamani Peugeot 504 ilisifika kwa ustahimilivu wa aina hiyo, na ilishinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1975 na 1978.

Hata hivyo, uwezo una mpaka. Probox ya mizigo ilibuniwa kubeba takriban kilo 400. Inaposhindiliwa abiria na magunia kupita kiasi, breki na matairi hulemewa, na sifa ya ugumu wa gari haiwezi kumnusuru yeyote.

Kabla ya kununua

Sheria za Kenya haziruhusu kuagiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Baada ya kuhakikisha hayo, mnunuzi aliendeshe mwenyewe: kwenye lami asikilize kama linavuta upande mmoja, apige breki mahali salama, kisha alipitishe njia mbovu kama ile ya kwake nyumbani. Aandamane na fundi asiyelipwa na muuzaji.

Gari likishindwa na njia hiyo, ni heri kulirudisha kwa muuzaji kuliko kulilipia mkopo kwa miaka mingi huku limeegeshwa kila msimu wa mvua.