Kazi ya Mbali na Funzo la Stesheni Ndogo

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Juma hili nataka tuuzungumze msemo huo tukiwa hapa hapa bonde la Kilombero, maana siku hizi wengi wetu tumekuwa fimbo za mbali. Tangu korona ilipoingia mwaka 2020, ofisi nyingi duniani zimezoea kuwa na mfanyakazi aliye nyumbani kwake huku mkubwa wake wa kazi yuko mji mwingine.

Mimi mwenyewe nimeionja kazi hiyo. Kwa miaka kadhaa nilikaa Ifakara nikituma habari kwa simu kwenye kituo kimoja cha redio kilichokuwa mkoa mwingine. Habari zilikwenda na zilisikika. Lakini nilipougua malaria nikalala siku nne, hakuna aliyeniuliza hali. Siku ya tano ulikuja ujumbe mmoja tu: "Habari ya leo iko wapi?"

Nilitaka kuacha kazi. Nikamweleza jirani yangu, mzee mstaafu wa reli. Akatikisa kichwa, akasema: "Mwanangu, kwenu kosa ni kwamba hakuna anayelazimika kukuita. Sisi tulilazimika."

Ili tumwelewe mzee huyu, turudi nyuma kidogo. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1971 reli ilikuwa imekwisha kupita Mang'ula na Ifakara, ikafika Mlimba, kiasi cha kilomita 500 kutoka pwani. Mwaka 1972, kazi ilipopamba moto, walikuwako Watanzania na Wazambia wapatao 38,000 pamoja na Wachina wapatao 13,500. Wachina hao waliwaacha wake na watoto kwao. Vijana wetu nao walitoka mikoa mbalimbali, wengi wao bado wabichi kabisa katika kazi ya reli.

Nisilipambe jambo hili. Wageni na wenyeji walilala mbalimbali na kupika mbalimbali, na wakalimani walikuwa wachache. Lakini kazini mtaalamu alishika sururu mwenyewe, na kijana akajifunza kwa kumtazama mikono. Kutoka Mlimba kwenda Makambako, ambako milima ilibidi itobolewe mahandaki, kazi ilikuwa ngumu kuliko mahali pengine pote. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika mradi huo. Makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Tarehe 14 Julai 1976 reli ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Kambi zilivunjwa, makelele yakaisha. Reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikabaki mikononi mwa watu waliotawanyika: stesheni masta na wenzake wachache hapa, genge la kutunza njia pale. Fikiria stesheni ya Mbingu, ya Mngeta au ya Chita wakati wa masika, barabara imekatika na milima ya Udzungwa imefunikwa na mawingu. Hapana shaka upweke ulikuwapo.

Ni kitu gani basi kilichowaunganisha? Mzee wangu alinijibu kwa neno moja: njia. Reli ile ni ya njia moja, na treni mbili zikikutana katikati ni maafa. Kwa hiyo treni haikuruhusiwa kutoka stesheni moja mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kwamba njia iko wazi. Kila treni ilidai mtu aulize na mwenzake ajibu, usiku na mchana. "Kwa sauti tu," aliniambia, "nilijua kama mwenzangu hakulala au ana homa. Nikimwita asiitikie, haikuwa shauri lake peke yake. Treni ilisimama."

Msikilizaji, hapo ndipo penye funzo. Mawasiliano yale hayakutegemea hisani wala sherehe ya mwisho wa mwaka. Yalikuwa ndani ya kazi yenyewe. Simu ile haikutibu malaria, la hasha, lakini ilihakikisha mgonjwa hasahauliki.

Sisi leo tuna simu mfukoni na vikundi vya WhatsApp, lakini mtu anaweza kunyamaza juma zima na pasisimame kitu. Baada ya maneno ya mzee sikuacha kazi. Nilikubaliana na waandishi wawili wa wilaya nyingine: kila siku saa moja asubuhi tunaitana kwa sauti, na asiyeitikia mara mbili anatafutwa. Siku moja mmoja wetu hakuitikia. Tukampigia jirani yake, akamkuta njiani ameanguka na pikipiki, mguu umevunjika. Alipona.

Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini huko Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Mitambo mipya ikija, tutaipokea kwa furaha. Hata hivyo ule utaratibu wa kuulizana kabla ya safari tusiuache kwenye historia.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Lakini anayeitwa kila siku hayuko mbali sana. Kesho, kabla hujamwuliza mwenzako kazi imefika wapi, mwulize kwanza ameamkaje. Tukutane juma lijalo.