Njia ya Kwenda Pwani

Wageni wa bara wana swali moja ambalo huwauliza sisi wenyeji wa Dar es Salaam kila mara: "Nyinyi mna bahari, basi bila shaka mwaogelea kila siku?" Nami hucheka. Laiti wangejua kwamba marehemu baba yangu, aliyeishi katika mji huu tangu ujana wake, alikaa miaka karibu 30 bila ya kukanyaga mchanga wa ufukwe ambao kwa miaka mingi aliuona kila siku akiwa kazini. Ufukwe wenyewe ni Oyster Bay, ule ambao sehemu yake vijana wa leo huiita Coco Beach. Kutoka kwetu Ilala si safari ya kulala njiani. Lakini kufika pwani, ndugu msomaji, si jambo la maili peke yake.

Mji wenyewe ni mtoto wa bahari. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, akiitamani bandari yake iliyojificha. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Wao ndio walioanza kuugawa mji kwa mafungu: Wazungu upande wenye upepo wa bahari, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika nyuma. Waingereza walipokuja hawakuuvunja mgawanyo huo, bali waliuendeleza. Mwaka 1929 likajengwa daraja pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, likapewa jina la Selander, aliyekuwa mkuu wa idara ya ujenzi ya Serikali ya Tanganyika. Daraja hilo likafungua njia ya Rasi ya Msasani, na huko ndiko zilikoota nyumba za Oyster Bay, zenye bustani pana na madirisha yanayotazama maji. Kwa hiyo barabara nzuri ya kwanza ya kwenda ufukweni haikujengwa kwa ajili yetu sisi wa kuogelea. Ilijengwa kwa ajili ya wenye nyumba, na watumishi wao wakaifuata kwa miguu.

Baba alikuwa mmoja wa watumishi hao. Mwaka 1954 aliajiriwa na bwana mmoja wa Kiingereza, kazi yake kufua na kupiga pasi. Alitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akavuka Selander, akafika kazini viatu vyake vikiwa mkononi ili visiliwe na njia. Mabasi ya kampuni ya DMT yalikuwapo tangu mwaka 1949, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingeula mshahara wote. Mashuka ya bwana aliyaanika kwenye kamba mbele ya bahari. "Mashuka yale," alikuwa akituambia, "yaliula upepo wa pwani kuliko mimi." Siku moja nilimwuliza kama palikuwa na kibao cha kumkataza kwenda kukaa mchangani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Kibao cha nini, mwanangu? Mtu akishajua pasipo pake, haandikiwi."

Uhuru ukaja mwaka 1961. Bwana akarudi kwao, baba akapata kazi bandarini, nasi watoto tukawa watu wa Kigamboni. Kila sikukuu ya Idi mama alifunga sufuria ya pilau kwa kanga, tukaenda Feri, tukapanda pantoni. Mwendo wa pantoni kutoka Magogoni hadi ng'ambo ni wa dakika chache tu, lakini kwetu ulikuwa safari ya meli. Watu walishonana na baiskeli, matenga ya samaki, mbuzi na magari, na harufu ya mafuta mazito ikachanganyika na ya chumvi. Tulishuka tukatembea hadi chini ya minazi, hapo tukashinda mpaka jua likielekea kuzama. Sikuwahi kumsikia baba akisema, "Leo twende Oyster Bay." Nyumba zile sasa walikaa wakubwa wetu wenyewe, lakini kwake yeye kamba ya kuanikia ilikuwa bado iko pale pale.

Upande wa kaskazini nako kukajengwa hoteli za pwani, Kunduchi, Africana na Bahari Beach. Kwa asiye na gari, Kunduchi ilikuwa mbali kama Tanga. DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa shirika la UDA kwa ajili ya mji. Mabasi yake yalifanya kazi kubwa, lakini vipuri vilipoadimika, foleni za vituoni zikarefuka. Mtu aliyemaliza siku sita akigombania basi la kwenda kazini, ya saba hakuwa na nguvu ya kuligombania la kwenda kuogelea.

Kisha ikaja dhiki ya mafuta, baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya petroli duniani. Serikali ikapiga marufuku magari ya watu binafsi yasiyo na kibali kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wenye magari walinung'unika sana. Lakini mimi marufuku ile inanikumbusha jambo jingine.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 1982. Tumemaliza kula, baba akasimama ghafla, akavaa kofia yake na kusema, "Twende tukatembee." Sikuuliza wapi. Tulipofika Selander, barabara ilikuwa tupu kabisa. Baba, ambaye miaka ile yote alivuka daraja lile akibana pembeni, akashika katikati ya lami, akatembea taratibu, mikono nyuma. Tukafika ufukweni. Palikuwa na watu wengi waliokuja kwa miguu kama sisi, na watoto wakicheza mpira. Baba akavua viatu, akaingia hadi maji yakamfika vifundoni. Nilidhani atatazama bahari. Kumbe akaipa mgongo, akaitazama nyumba moja ng'ambo ya barabara, muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kutoka huku inaonekana ndogo." Hakuongeza neno. Tukanunua mihogo, tukala, tukarudi.

Mwaka uliofuata, 1983, Serikali iliruhusu rasmi mabasi madogo ya watu binafsi, haya tunayoyaita daladala, kwa jina la "dala", yaani shilingi tano. Mtoto wa Ilala akaweza kuunganisha magari mawili au matatu akafika Kunduchi na kurudi siku hiyo hiyo. Aprili 2016 likafunguliwa daraja la Kigamboni kutoka Kurasini, lenye urefu wa mita 680, likaitwa Daraja la Nyerere, nalo tangu mwanzo likawekewa tozo kwa magari. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, la zaidi ya kilomita moja, linalopita juu ya bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi Oyster Bay. Njia sasa tunazo.

Lakini nikitembea pwani zetu naona jambo linalonitia wasiwasi. Barabara zinaongezeka, na vichochoro vya kuingilia mchangani vinapungua. Hapa ukuta, pale geti, kule kiingilio ambacho baba mwenye watoto watano hakimudu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Ni sheria nzuri. Lakini mita hizo 60 zina maana gani kwa mtu asiyeachiwa upenyo wa kuzifikia?

Juzi juzi nilimchukua mjukuu wangu, tukavuka Daraja la Tanzanite kwa miguu. Kule mwisho tulikula mihogo ya Coco. Alikimbilia majini bila ya kumwuliza mtu, bila hata ya kutazama nyuma. Nikamwacha. Babu yake mkubwa alihitaji miaka 28 na barabara tupu ili aweze kufanya hivyo. Nisingependa mjukuu huyu, atakapokuwa mzee, awe na haja ya kumweleza mwanawe kwamba mahali pale zamani palikuwa na njia.