Kinyozi wa Seligman na Uhai wa Route 66

Route 66, barabara kuu ya Marekani iliyopewa namba yake mwaka 1926 ikiunganisha Chicago na pwani ya California kwa mwendo wa takriban kilometa 3,900, haikuokolewa na serikali iliyoijenga, bali na wafanyabiashara wadogo wa miji ambayo wasafiri walikwisha kuipa kisogo. Katika miaka ya 1930 maelfu ya wakulima wa Oklahoma na majimbo jirani, waliofilisiwa na ukame na madeni, waliifuata kwenda kutafuta vibarua magharibi, na kila mji iliokatiza ulijipatia riziki kwa kuwauzia wapitaji mafuta, chakula na malazi.

Sheria ya mwaka 1956 ilianzisha mtandao wa barabara za kasi, yaani barabara pana zisizo na makutano, ambazo kwa kawaida huukwepa mji badala ya kuupitia. Septemba 22, 1978, barabara ya namna hiyo ilifunguliwa kando ya Seligman, Arizona, na magari yakahama siku hiyohiyo. Mwaka 1985 namba 66 yenyewe ikafutwa rasmi.

Angel Delgadillo, kinyozi aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1927, hakukubali kuhama. Februari 1987 yeye na wenzake waliunda chama cha kuihifadhi barabara hiyo jimboni Arizona, na kabla ya mwaka kwisha jimbo likaitambua sehemu ya Seligman hadi Kingman kuwa barabara ya kihistoria. Majimbo mengine yaliiga, na mwaka 1999 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kusaidia uhifadhi wake. Alichokielewa kinyozi huyo mapema kuliko wataalamu wengi ni kwamba jengo la kale laweza kufungwa kwa kufuli likadumu, ilhali barabara isiyopitiwa huota majani; kwa hiyo ilimpasa kumrudisha msafiri kwanza. Hata mzaha ulitumika: mkahawa wa Snow Cap, ambao kaka yake Juan aliujenga mwaka 1953 kwa mbao chakavu za shirika la reli, una mlango wenye vishikio viwili, kimoja kikiwa upande wa bawaba, kisichofungua chochote.

Hata hivyo, mapenzi ya barabara hii yana upofu wake. Wamarekani Weusi waliisafiri barabara hiyohiyo wakiwa na kitabu cha mwongozo kilichoanza kuchapishwa mwaka 1936 na Victor Hugo Green, mgawa barua wa New York, kikiwaonyesha mahali pa kulala bila kufukuzwa, kwa kuwa ipo miji ambayo haikutaka mtu mweusi akutwe humo jua likizama. Uhifadhi unaokumbuka taa za rangi na magari ya kifahari pekee ni nusu ya historia, na kituo cha mafuta cha familia ya Threatt karibu na Luther, Oklahoma, kilichomilikiwa na Weusi na kujengwa kwa mawe ya machimbo yao wenyewe, kinastahili mgeni kama inavyostahili Seligman.