Nani Amelilipia Gazeti? Kutoka Mashine ya Misheni hadi Mnada wa Google

Gazeti la Kiswahili halijawahi kuishi kwa senti za msomaji peke yake. Tangu lilipoanza kuchapwa pwani yetu katika karne ya 19, daima pamekuwa na mtu mwingine nyuma yake: misheni, dola ya kikoloni, chama, tajiri wa matangazo. Kila mmoja alilipa, na kila mmoja alidai chake. Balaa lililowafika wachapishaji katika karne hii, baada ya kampuni kubwa za teknolojia kuyakamata matangazo, halieleweki bila kuifuata historia hiyo, maana utegemezi uliowaponza ulianza zamani sana kabla ya intaneti.

Mwaka 1888 misheni ya UMCA ilianza kuchapa Msimulizi huko Zanzibar. Habari zake ziliandikwa na wanafunzi na walimu wa Kiafrika, wakisimulia mambo ya vituo walikopangiwa kazi. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikatoa Kiongozi, likiwalenga makarani, walimu na maakida ambao utawala ule uliwahitaji wasome Kiswahili. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendeleza desturi hiyohiyo, na Januari 1923 Idara ya Elimu ikatoa Mambo Leo. Gazeti hilo lilipendwa kwelikweli. Lilibeba mashairi, barua za wasomaji na habari zilizotumwa kutoka wilayani, na Shaaban Robert ni miongoni mwa waliochapisha humo. Lakini mwenye mashine alikuwa serikali, na mambo ya kodi na ardhi hayakuandikwa kwa uhuru kwenye karatasi yake.

Kabla ya hayo yote, ng'ambo, palikuwa pamezuka mlipaji wa namna nyingine. Septemba 1833 Benjamin Day alianza kuuza gazeti la The Sun mjini New York kwa senti moja, ilhali wenzake waliuza kwa senti sita. Fedha iliyopungua kwa msomaji aliifidia kwa wafanyabiashara waliotaka kuonekana na umati ule. Miaka mitatu baadaye Émile de Girardin alifanya vivyo hivyo jijini Paris kwa gazeti lake La Presse. Hapo ndipo bidhaa ya mchapishaji ilipogeuka: kilichouzwa hasa kikawa macho ya wasomaji, na habari ikawa njia ya kuyakusanya. Magazeti ya dunia yalitajirika kwa mpango huo kwa zaidi ya karne na nusu, na ni wachache waliojiuliza ingekuwaje kama angetokea mtu wa kuyakusanya macho hayo bila kuandika habari hata moja.

Mpango huo ulifika Mombasa mwaka 1902, A. M. Jeevanjee alipoanzisha African Standard, ambalo baadaye lilihamia Nairobi na kuwa East African Standard. Tajiri wa matangazo, hata hivyo, alimfuata mwenye fedha, na katika Afrika Mashariki ya kikoloni mwenye fedha hakuwa msomaji wa Kiswahili. Erica Fiah, mfanyabiashara mdogo mwenye asili ya Uganda, aliligundua hilo kwa machungu alipoanzisha Kwetu jijini Dar es Salaam mwaka 1937. Alikuwa na hoja na alikuwa na wasomaji, lakini nakala moja ilipita mikono mingi, ikasomwa kwa sauti barazani, na waliosikiliza wote hawakuingiza senti dukani kwake.

Kisha zikaja siasa, na pamoja nazo mfadhili mpya. Mwaka 1957 ulileta Mwafrika na Sauti ya TANU; Uhuru likafuata mwaka 1961. Nchini Kenya, Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, alilinunua Taifa, kisha mwaka 1960 akalianzisha Nation. Gazeti la mtu binafsi lililogusa umati lilikuwa Ngurumo, lililotoka Dar es Salaam kati ya mwaka 1959 na 1976, na naona historia yetu ya habari haijalipa heshima linayostahili. Kwingineko mkondo ulielekea serikalini. Tarehe 5 Februari 1970, katika kumbukumbu ya miaka mitatu ya Azimio la Arusha, Tanzania ililitaifisha The Standard, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Nchini Kenya nako, chama tawala cha KANU kililinunua Nairobi Times la Hilary Ng'weno mwaka 1983 na kuligeuza kuwa Kenya Times. Mishahara ililipwa mwisho wa mwezi, na mhariri alijua simu ya nani ikilia lazima aipokee.

Vyama vingi viliporudi, Kenya mwishoni mwa mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992, magazeti binafsi yalifurika mitaani. Majira, Nipashe, na kuanzia mwaka 2000 Mwananchi, yalijengwa juu ya matangazo kuliko magazeti yote ya Kiswahili yaliyotangulia. Biashara yenyewe ilikuwa hivi: kurasa za katikati zilijaa zabuni za halmashauri, nafasi za kazi, notisi za mahakama, tanzia zenye picha, mabenki na kampuni za simu. Tangazo la zabuni la ukurasa mzima lilimtunza mwandishi wa Kigoma au Mtwara, ambaye habari zake zisingeuza nakala za kutosha kulipa nauli yake. Mtangazaji mkubwa kuliko wote alikuwa bado serikali, na gazeti lililoiudhi liliona zabuni zikihama. Kenya ililiweka jambo hilo kwenye mfumo mwaka 2015 ilipokusanya matangazo ya wizara chini ya wakala mmoja, na mwaka 2024 ikaelekeza matangazo yake ya magazetini kwa gazeti moja tu, The Star.

Ipo desturi nyingine ya miaka hiyo ambayo wachambuzi huipita haraka mno. Kila alfajiri, redio na runinga za Tanzania zilisoma magazeti hewani, kuanzia kichwa cha habari hadi aya ya mwisho. Msikilizaji alipofika kwenye meza ya muuza magazeti alikuwa ameshamaliza kusoma, na aliyesimama pale alitosheka na kurasa za mbele zilizotundikwa kwa vibanio. Mwaka 2017 serikali iliagiza visomwe vichwa vya habari tu. Hapo tayari tulikwisha kuzoea kwamba habari ya mwenzetu huchukuliwa bure na kuvutia wasikilizaji wa mwingine. Google na Facebook walikuta mlango uko wazi.

Walifika polepole, kisha kwa ghafla. Google ilizaliwa mwaka 1998, ikaanza kuuza matangazo mwaka 2000, na kuyauza kwa mnada wa kubofya mwaka 2002. Facebook ikafuata mwaka 2004. Mwaka 2009 nyaya za baharini ziliingia Mombasa na Dar es Salaam, bando likashuka bei, simu janja za bei nafuu zikaenea. Kinachofanyika leo mtu akifungua ukurasa wa gazeti simuni ni hiki: kabla maandishi hayajatulia kwenye kioo, nafasi ya tangazo imeshanadiwa. Google, iliyoinunua kampuni ya DoubleClick mwaka 2008, inamiliki programu ambayo mchapishaji hutumia kuuza nafasi hiyo, inamiliki zana anazotumia mtangazaji kununua, na inamiliki soko wanakokutana, ambalo limekuwa likikata asilimia 20 kwa kila mauzo. Dalali wa muuzaji, dalali wa mnunuzi na mwenye soko ni mtu mmoja. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa Marekani aliamua kwamba sehemu ya mpangilio huo ni ukiritimba ulio kinyume cha sheria. Uamuzi huo ni mkubwa, lakini ulikuja baada ya vyumba vingi vya habari kupunguza watu, vya Nairobi vikiwemo.

Mataifa yamejaribu dawa mbalimbali. Hispania ilitunga sheria ya malipo, na Desemba 2014 Google ikaifunga huduma yake ya habari huko hadi mwaka 2022. Australia ilikaza zaidi: Februari 2021 Facebook ilizima habari nchini humo kwa siku chache, kisha ikakaa mezani, na wachapishaji wakapata mikataba, ambayo Machi 2024 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilitangaza kwamba haitaihuisha. Kanada ilipitisha sheria yake Juni 2023. Google ilikubali dola za Kanada milioni 100 kwa mwaka, Meta ikaondoa habari kabisa kuanzia Agosti. Fedha iliyotokana na shinikizo hudumu kadiri shinikizo linavyodumu, na mchapishaji aliyeitegemea amebadilisha mfadhili tu.

Walioonyesha uimara zaidi wamemrudia msomaji. New York Times lilianza kutoza usomaji wa mtandaoni mwaka 2011 na sasa lina mamilioni ya wanaolipia. Nation la Kenya lilithubutu Februari 2021, likisaidiwa na jambo ambalo Wamarekani hawakuwa nalo, yaani mazoea ya kulipa fedha ndogo kwa M-Pesa. Daily Maverick la Afrika Kusini halifungi ukurasa: tangu mwaka 2018 huwaomba wasomaji wawe wanachama, wachangie wanachoweza. Na The Continent, lililoanzishwa mwaka 2020, hutengenezwa makusudi lisambazwe kwa WhatsApp, kwenye njia ileile ambako nakala za wizi za magazeti yetu huzunguka kila asubuhi. Kwa wote hao, mawasiliano ya msomaji yako mikononi mwa mchapishaji. Algoriti ikibadilishwa kule California, bado anaweza kumfikia mtu wake.

Akili mnemba imeifanya kazi hiyo iwe ya haraka, kwani tangu mwaka 2024 Google imekuwa ikijibu maswali juu kabisa ya ukurasa, na anayeuliza haoni tena sababu ya kufungua gazeti lililotoa jibu. Hapa sheria inahitajika pamoja na msomaji, na Afrika Kusini imeonyesha mlango. Tume yake ya Ushindani ilianza uchunguzi Oktoba 2023. Ripoti ya awali ya Februari 2025 ilipendekeza Google ilipe randi milioni 300 hadi 500 kwa mwaka, na Novemba 2025 shauri likaishia kwa mpango wa randi milioni 688 kwa miaka mitano. Ni pungufu, lakini imekubaliwa na kampuni iliyokuwa ikisema haidaiwi. Soko la Tanzania peke yake, au la Kenya peke yake, halitoshi kuitisha kampuni ya ukubwa huo. Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, yuko Bukoba, Bujumbura, Goma na Mombasa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Mamlaka ya Ushindani yenye makao Arusha. Jukwaa la Wahariri Tanzania na wenzao wa Kenya wangepeleka faili hilo pale kwa pamoja, likidai malipo ya habari zinazotumiwa na mgao wa haki katika mnada, kabla Mwananchi na Taifa Leo hayajajadiliana na Google kila moja kivyake.