Mamta Kharab: dhahabu ya Manchester, shaba ya Doha

Mamta Kharab, mshambuliaji aliyezaliwa mwaka 1982 katika jimbo la Haryana, ni miongoni mwa wachezaji mashuhuri wa mpira wa magongo wa wanawake nchini India.

Jina lake lilivuma Agosti 2002 mjini Manchester, katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. India na England zilikuwa sare ya 2-2, na kwa kanuni za wakati ule bao la kwanza katika muda wa nyongeza ndilo lililomaliza mchezo. Mamta ndiye aliyelifunga.

Mwaka 2006 India ilipata nishani ya fedha katika michezo hiyo mjini Melbourne. Desemba mwaka huo ilielekea Doha, Qatar, nchi ya kwanza ya Kiarabu kuandaa Michezo ya Asia. China ilitwaa dhahabu na Japan fedha. India ikaishinda Korea Kusini na kuondoka na shaba.

Hata hivyo, nishani moja haikupata kuwaniwa. Wanawake wa India walishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako Zimbabwe ilinyakua dhahabu, na hawakurejea hadi Rio de Janeiro mwaka 2016. Kizazi cha Mamta, kilichokosa tiketi ya Beijing mwaka 2008, hakikuwahi kuikanyaga Olimpiki. Kumbukumbu yake imebaki kwingine: ushindi wa Manchester ndio uliochochea filamu ya Chak De! India, iliyotoka mwaka 2007.